Mgeni Mpe Jembe: Hotuba juu ya Kilimo cha Mpungate Mfupi

(Hotuba ya Kamati ya Miche iliyosomwa Mbezi Beach mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu chetu cha Ushirika.)



 Miaka kumi si haba. Waliotutangulia wamewaeleza habari za hesabu, za mikopo, na za soko la mboga, na kila mmoja wao amepigiwa makofi kwa haki. Sisi wa Kamati ya Miche tumepewa kusema habari za mmea wenye miba. Twajua wapo watakaonong'ona, "Karamu ya miaka kumi, nao watuletea miba!" Lakini twaomba mtusikilize hadi mwisho, kwa kuwa jambo hili litaletwa mbele ya Mkutano Mkuu kupigiwa kura, nasi hatupendi mtu anyoshe mkono wake bila ya kujua aunyoshea nini.

Jambo lenyewe ni hili. Kwa muda wa miaka michache iliyopita, wanachama wengi wa huku Mbezi Beach, na wenzetu wa Kawe, Kunduchi, Tegeta na hata Temeke, wameupenda mpungate mfupi, ambao wengine huuita dungusi kakati. Kitalu chetu kimeuuza kwa wenye bustani, mmoja mmoja, katika vyungu na makopo. Sasa limeletwa ombi la kununua mabapa yake mengi mno kwa mara moja, ili yapandwe safu ndefu kwenye ukingo wa bonde, yawe boma la kuzuia watu na mifugo wasipite. Fedha zake ni nzuri, na hakuna chama kisichohitaji fedha. Je, tuuze ama tukatae? Kabla ya kujibu, yafaa tumjue kwanza mgeni huyu ni nani, ametoka wapi, na ana tabia gani.

Jamii yote ya mipungate asili yake ni Amerika. Katika mimea yote ya ukoo huo mkubwa wa dungusi, ni aina moja tu inayoonekana kuota yenyewe katika Afrika, nayo huning'inia juu ya miti ya msituni, haina sura ya mpungate hata kidogo. Huo mpungate mkubwa unaozaa matunda ya kuliwa, ambao wataalamu huuita Opuntia ficus-indica, asili yake ni Meksiko. Lakini huu mfupi tunaousema leo, uitwao Opuntia sulphurea, kwao ni Amerika ya Kusini, katika nchi kavu za Argentina na Bolivia. Haupandi juu kama mti, bali hutambaa na kujikusanya kama kichaka, na aghalabu kimo chake hakifiki nusu mita. Maua yake ni ya manjano kama kiberiti cha unga, na hiyo ndiyo sababu ya kuitwa kwa jina hilo. Miba yake ni mirefu, tena mingine imepindika. Jambo moja zaidi, nalo twaomba mlishike sana: mabapa yake hukatika upesi yakiguswa, na kila bapa likiangukia udongo laweza kutoa mizizi na kuwa mmea mwingine.

Mtu asiuchanganye mpungate na mnyaa wetu. Mnyaa nao huvumilia ukame, nao hupandwa maboma, lakini ukiukata hutoa utomvu mweupe kama maziwa, na utomvu huo hudhuru macho. Mpungate ukikatwa hutoa maji ya ute yasiyo na rangi. Hii ndiyo njia nyepesi ya kuwatambua.

Sasa twende kwenye siri ya kuvumilia ukame. Yale mabapa tunayoyaita majani, kwa kweli ni mashina. Majani yake halisi ni madogo mno, hutokea bapa lingali changa, kisha hudondoka. Mmea umeyaacha majani kwa sababu jani ni mlango wa kupotezea maji. Mimea mingi, kama mchicha na mhindi, hufungua matundu yake mchana ili kuvuta hewa ya ukaa, na papo hapo jua huyanyonya maji yake. Mpungate hufanya kinyume. Mchana, jua linapochoma, huyafunga matundu yake. Usiku, hali ya hewa inapopoa, huyafungua, huvuta hewa hiyo na kuiweka akiba katika hali ya asidi, kisha kesho yake hutengeneza chakula huku milango imefungwa. Ni kama mwenye duka anayepokea mizigo usiku na kufanya hesabu mchana bila ya kufungua mlango. Mizizi yake nayo haichimbi chini sana, bali hutandaa karibu na uso wa ardhi, ili hata mvua ndogo ya rasharasha isipotee. Ndiyo maana bapa likikatwa huwa karibu sehemu tisa katika kumi ni maji.

Wapo watakaouliza: mmea wa nchi kavu una kazi gani hapa pwani, mahali penye mvua ya masika na ya vuli? Swali hilo ni zuri, na jibu lake ni kwamba Mbezi Beach ina mvua, lakini mvua hizo zina nyakati zake. Baada ya masika kumalizika mwezi wa Mei, kusi huvuma miezi mingi pasipo mvua ya kutosha. Na baada ya vuli, kaskazi huleta joto la Januari na Februari ambalo kila mwenye bustani analijua. Mchanga wetu hauhifadhi maji. Visima vingi vya ukanda huu wa pwani hutoa maji ya chumvi, na maji ya bomba ni ya kulipia. Mama anayelima mchicha hapa Tangi Bovu hawezi kumwagilia maua kwa maji ambayo mchicha wake unayalilia. Kwa hiyo mmea wa bustani usioomba maji ni msaada wa kweli kwa nyumba yenye kipato kidogo.

Hata hivyo, twaomba mkumbuke kwamba hapa pwani ukame siyo adui mkubwa wa mpungate. Adui yake mkubwa ni maji yanayosimama. Wengi wanaoupoteza hawaupotezi kwa kiu, bali kwa kuubembeleza. Basi twaeleza namna ya kuupanda, kama tulivyojifunza kwa kuuza na kwa kuharibu.

Kwanza, chagua bapa lililokomaa, lisilo changa mno wala kuukuu, nalo likatwe kwenye kiungo kwa kisu kikali kilicho safi. Tumia koleo au karatasi nene iliyokunjwa, wala usitumie mkono mtupu. Miba mirefu unaiona na utaikwepa. Lakini chini yake, katika kila kidoa cha bapa, viko vimiba vidogo kama nywele, vyenye ncha za kulabu, ambavyo havionekani vema na huingia kwenye ngozi kwa mamia. Hivyo ndivyo vinavyotesa.

Pili, usilipande bapa siku hiyo hiyo. Liweke kivulini mahali pakavu kwa muda wa wiki moja au mbili, hadi kidonda chake kifanye ngozi ngumu. Bapa linalopandwa na kidonda kibichi huoza. Hili ni kosa la kwanza la kila anayeanza, na sisi pia tulilifanya.

Tatu, andaa udongo unaopitisha maji. Tumia nusu ya mchanga mkavu, kiasi cha kokoto ndogo au matumbawe yaliyovunjwa, na samadi kidogo iliyooza kabisa. Mchanga wa baharini usiutumie, kwa sababu mpungate, ijapokuwa ni mvumilivu, haupendi chumvi. Wala tusiende kuchota mchanga wa mto Mbezi usiku kama wezi. Kingo za mto huo zimekwisha kuliwa vya kutosha, na nyumba za watu zimo hatarini. Nunueni mchanga mahali panaporuhusiwa.

Nne, panda mwezi wa Juni au Julai, masika yakiisha kuondoka. Simamisha bapa wima, theluthi moja iwe ndani ya udongo, na chombo kiwe na tundu chini. Kwa siku chache za mwanzo usimwagilie. Kisha mwagilia kidogo, na usirudie hadi udongo ukauke kabisa. Vuli ikifika, mmea utakuwa na mizizi yake tayari. Masika yakija, chungu kisogezwe chini ya upenu, au kama umepandwa chini, uwe juu ya tuta lililoinuliwa.

Tano, uwekwe kwenye jua kamili, na kila wiki utazamwe. Ukiona vitu vyeupe kama pamba vimeshika kwenye bapa, huyo ni mdudu; ukimponda na kidole kikawa chekundu kama damu, ujue ni jamii ya kochinili, ambao tangu zamani watu wa Amerika walimtumia kupata rangi nyekundu. Msugue kwa brashi na maji ya sabuni mapema, kabla hajaenea.

Ndugu Wanachama, mpaka hapa mwaweza kuona kwamba mgeni huyu ni mpole. Na kwa hakika nchi yetu haina sababu ya kuogopa kila mgeni. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Muhogo tunaoula asili yake ni Amerika ya Kusini, na mkorosho vilevile. Mkonge nao ni mmea wa Amerika: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche yake kutoka Florida, na katika miche 1,000 iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika hai, hao yatima 62 ndio wazazi wa mashamba ya Tanga na Morogoro, hata kufikia miaka ya 1960 nchi yetu ikaongoza duniani kwa mkonge.

Lakini si kila mgeni aliyekuja ametuponya. Tazameni juu ya miti yetu: kunguru weusi hawa wanaokula vifaranga vyetu waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, ili wasaidie kula taka. Walikula taka, kisha wakavuka bahari, nao leo wamekuwa wenyeji wa Dar es Salaam kuliko sisi. Gugu maji lina ua zuri la zambarau, nalo kwao ni Amerika ya Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 liliingia Ziwa Victoria, na wavuvi wa huko wajua gharama yake. Kwa hiyo mgeni yeyote asihukumiwe kwa uzuri wa sura yake, wala kwa siku yake ya kwanza.

Na mpungate umekwisha kuhukumiwa mahali pengi. Twawaletea ushahidi wa nchi nne.

Katika Australia, mipungate ya kwanza iliingia mwaka 1788 pamoja na wazungu wa kwanza waliohamia huko, kwa nia ya kufuga kochinili na kupata rangi. Baadaye ikaletwa aina nyingine, ikapandwa maboma na bustani. Kufikia miaka ya 1920 ilikuwa imefunika kiasi cha hekta milioni 24, eneo ambalo ni karibu robo ya Tanzania nzima. Wakulima walihama mashamba yao. Mwaka 1925 wataalamu walileta kutoka Argentina mayai ya nondo mmoja, Cactoblastis, ambaye viwavi wake hula ndani ya mabapa. Na katika muda wa miaka michache, mwanzoni mwa miaka ya 1930, sehemu kubwa ya msitu huo wa miba ikaanguka. Watu wa mahali paitwapo Boonarga waliita jumba lao la mikutano kwa jina la mdudu huyo, kwa shukrani.

Ushahidi wa pili ni wa jirani zetu wa Kenya, katika Laikipia. Huko mpungate wa Amerika uliletwa wakati wa ukoloni kuwa pambo na boma. Tembo, nyani na ndege wakayala matunda yake na kuzitawanya mbegu. Leo umeshika malisho ya wafugaji mahali pengi. Mbuzi na ng'ombe wanapokosa majani huyala matunda hayo, na vile vimiba vidogo tulivyovisema hujaa kwenye midomo, kwenye ndimi, na katika matumbo yao, hata mnyama akashindwa kula na kufa. Katika miaka ya 2010 ikabidi kuletwa mdudu wa kochinili kutoka Afrika ya Kusini aupunguze. Boma lililopandwa kuzuia mifugo limekuja kuiua.

Ushahidi wa tatu na wa nne ni wa upande mwingine, nasi hatutauficha, maana atoaye ushahidi nusu ni mwongo nusu. Kusini mwa Bukini, yaani Madagaska, watu walikuwa wameuzoea mpungate kwa vizazi vingi: ulikuwa boma la vijiji, chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi, na maji yao wakati wa kiu. Katika miaka ya 1920 mdudu wa kochinili aliletwa huko, mipungate ikafa katika miaka michache, ng'ombe wakafa, na watu wengi wakapatwa na njaa. Na katika Tigray, kaskazini ya Ethiopia, tunda la mpungate liitwalo beles huwalisha watu maskini katika miezi ya njaa kabla ya mavuno. Mwanzoni mwa karne hii kochinili alipelekwa huko kwa ajili ya biashara ya rangi. Biashara ikakwama, mdudu akatoka mashambani mwake, akaharibu mipungate ya watu.

Mafundisho ya ushahidi huu wote ni mamoja. Mpungate wenyewe si mwema wala si mbaya. Wema wake ama ubaya wake hutokana na mahali ulipowekwa, na uangalizi wa aliyeuweka. Na anayeamua leo siye peke yake atakayelipa kesho.

Hapa yatupasa kuungama. Katika miaka ya mwanzo ya kitalu chetu, tulipokuwa tukiipunguza mipungate, tuliyatupa mabapa yaliyokatwa kando, kwenye mteremko unaokwenda bondeni. Tulidhani yatakauka. Yalikaa juani miezi mitatu yakiwa yamekunjamana kama ngozi kuukuu, nasi tukayasahau. Masika yakaja, maji yakayachukua. Baada ya masika ya pili, mwanachama mmoja mzee akatujia na mbuzi wake jike, mdomo umevimba, hawezi kula wala kunyonyesha. Hakutugombeza. Alisema tu, "Wanangu, njooni mtazame mlichopanda." Tukamfuata bondeni, tukaona mipungate imeota mahali ambapo hakuna mtu aliyeipanda, mingine katikati ya matete. Tulikwenda Jumamosi nyingi na majembe, mifuko na koleo kuing'oa, na kila tukidhani tumemaliza twaona bapa jingine limejificha. Mbuzi yule hakupona. Tulimlipa mzee wetu thamani yake, lakini mwana wa mbuzi hanywi fedha. Tangu siku hiyo hatujatupa bapa hata moja. Tunayakausha juu ya bati, kisha tunayachoma moto, au tunayafukia shimo refu.

Basi, Mheshimiwa Mwenyekiti, twarudi kwenye ombi lililoletwa. Anayeomba anataka safu ndefu ya mpungate mfupi, wenye mabapa yanayokatika upesi, kwenye ukingo wa bonde ambalo kila masika hupeleka maji baharini. Hatumshutumu, anataka kulinda mali yake, na hiyo ni haki yake. Lakini ikiwa mabapa machache tu yaliyotupwa kwa uvivu yalitugharimu Jumamosi zile zote, maelfu yaliyopandwa kwa makusudi yatatugharimu nini? Na watakaolipa si yeye wala sisi peke yetu, bali ni wafugaji wa mbuzi, ni watoto wanaocheza bondeni, na ni wenye bustani za mboga walio chini ya maji.

Kamati ya Miche yawaletea mapendekezo manne.

La kwanza, ombi hilo likataliwe kwa barua ya heshima, na mwombaji ashauriwe kupanda michongoma kwenye mpaka wa kiwanja chake, na matete au mianzi kwenye ukingo wenyewe, mimea ambayo mizizi yake hushika udongo. Kitalu chetu kiko tayari kumsaidia kwa miche hiyo. Kwa hiyo tutapoteza faida moja, lakini hatutampoteza mteja.

La pili, mpungate mfupi uendelee kuuzwa kwa bustani, lakini katika vyungu tu, na kila mnunuzi apewe karatasi ya maelezo kwa Kiswahili chepesi: jinsi ya kuupanda, jinsi ya kuukata, na jinsi ya kuyaharibu mabapa yasiyotakiwa. Matunda yake yakitokea, yakatwe kabla ya kuiva, ili kunguru wasizichukue mbegu.

La tatu, kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, Chama kifanye jaribio dogo la ule mpungate mkubwa usio na miba, ndani ya ua, kwa ajili ya chakula cha kiangazi. Lakini wasidanganyike kwamba wamepata mbadala wa majani na pumba. Mabapa yana maji mengi na protini kidogo. Ng'ombe akilishwa mabapa matupu huharisha. Yakatwekatwe, yachanganywe na majani makavu, na mashudu yaongezwe, tena aanzishwe kidogo kidogo.

La nne, mwanachama yeyote asilete mche wala bapa kutoka nchi za nje ndani ya begi lake. Karibu jamii yote ya dungusi imo katika mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vya porini, na Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 inahitaji vibali. Hatusemi haya kwa kuogopa polisi. Twayasema kwa sababu mdudu mmoja aliyejificha katika bapa moja aweza kufanya kazi ambayo majembe yetu yote hayawezi kuifuta.

Wengine watasema: chama cha wakulima maskini kina anasa gani ya kukataa fedha? Twawajibu kwamba ushirika haukuundwa ili kila mtu apate faida yake upesi. Kwa hiyo peke yake duka la mtu binafsi lingetosha. Ushirika uliundwa ili madhara ya mmoja yahesabiwe kuwa madhara ya wote, na tuwe na mahali pa kuyazungumza kabla hayajatokea. Katika miaka kumi hii tumejifunza kuweka akiba ya fedha. Miaka kumi ijayo na tujifunze kuweka akiba ya ardhi, na ya maji, na ya bonde letu.

Wazee walisema pia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mfukuze; wala hawakusema mwachie nyumba. Mpungate mfupi umekwisha kukaa kwetu zaidi ya siku mbili. Tuupe kazi yake ndani ya ua, tuusimamie, na jembe tulishike sisi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, tumemaliza. Kwenye meza ile karibu na mlango tumeweka vyungu ishirini vya mpungate, ambavyo ni zawadi kwa wajumbe wa vyama vya msingi, kila kimoja pamoja na karatasi yake. Twawaomba wasomao wawasomee wasiosoma. Na watoto, tafadhali, wasiguse.